"Mwanzo" na "chanzo" ni neno moja?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Malindi. Kwenye ripoti niliandika, "Mwanzo wa samaki kupungua ni nyavu za matundu madogo." Mwenyekiti akalikata "mwanzo", juu yake akaandika "chanzo". Mimi najua hayo ni visawe. Nani kati yetu amepata?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu katibu. Mwenyekiti amepata. Maneno hayo yametoka tumbo moja, kitenzi "anza", ila kila moja lina kazi yake. Mwanzo ni pale jambo linapoanzia, kwa wakati au kwa mahali: mwanzo wa kusi, mwanzo wa barabara. Chanzo ni kile kilicholileta jambo.

Ukitatizika, tafuta kinyume chake. Mwanzo una mwisho. Chanzo kina matokeo. Wahenga walisema, "Mwanzo kokochi, mwisho nazi." Kokochi ni nazi ikiwa changa kabisa, haijawa kitale wala dafu. Ni nazi ile ile, katika hatua yake ya kwanza. Kwa hiyo kokochi ni mwanzo wa nazi, wala si chanzo chake. Sasa tazama ripoti yako: nyavu si hatua ya kwanza ya kupungua kwa samaki, ndizo zilizowapunguza.

"Awali" na "asili" tumeyapata kwa Waarabu. La kwanza liko karibu sana na mwanzo, lakini hatusemi "awali ya barabara". La pili kwao ni mzizi, ndiyo maana twauliza asili ya mtu. Nilipendalo mimi ni "chimbuko". Ndani yake namwona mtu anachimba kisima, mchanga unalowa, maji yanatokeza.

Huku kwetu Amu, yaani Lamu, utasikia pia "mwando" na "kwanda". Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, wasia wa kwanza anauita "la kwanda". Mtoto akilitamka hivyo darasani asiambiwe amekosea; amesema Kiamu safi.

Tukirudi kwenye ripoti: mwenyekiti alibadilisha neno akaiacha "wa" pale pale. Chanzo ni cha ngeli ya KI-VI, basi andikeni: "Chanzo cha kupungua kwa samaki ni nyavu za matundu madogo."