Moduli yafunguka Linux, Windows yaikataa

SWALI: Programu yangu ya C++ hupakia moduli (kipande cha programu kilicho katika faili lake) ikiwa tayari inafanya kazi. Linux natumia dlopen na mambo ni shwari. Windows linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo) inagoma na kosa LNK2019: haioni andika_logi, fanksheni ya programu kuu ambayo moduli inaiita. Mac nako inalalamika. Je, niandike kila moduli mara tatu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: La hasha, ndugu msomaji. Kupakia ndiyo kazi nyepesi: dlopen (kufungua moduli), dlsym (kutafuta jina ndani yake) na dlclose (kuifunga) zina wenzao Windows, yaani LoadLibrary, GetProcAddress na FreeLibrary. Zifunge katika faili moja lenye #ifdef _WIN32, basi.

Kinachokusumbua ni andika_logi. Linka ya Linux huacha moduli ibaki na majina ambayo hayajulikani yaliko. Hutafutwa wakati wa kupakia, na ya programu kuu huonekana ikiwa ilijengwa kwa chaguo la -rdynamic. Mac hukubali ukiongeza -undefined dynamic_lookup. Windows haitaki kabisa. Wakati wa kujenga lazima ijue kila jina linatoka faili gani.

Kwa hiyo moduli isiite programu kuu kwa jina. Weka pointa (anwani) za fanksheni zote inazohitaji ndani ya struct (kifurushi cha data) moja, kisha programu kuu iikabidhi moduli struct hiyo kupitia mlango mmoja:

extern "C" int anzisha(const struct Huduma *h);

Windows tanguliza __declspec(dllexport), ili jina lionekane nje ya moduli. Ukisahau extern "C", kompaila hugeuza jina na dlsym hurudisha NULL. Kitu cha kwanza ndani ya struct kiwe namba ya toleo, ili moduli ya zamani ikatae kwa adabu badala ya kuangusha programu.

Kujenga:

Linux: g++ -fPIC -shared -o sauti.so sauti.cpp
Mac: clang++ -bundle -o sauti.so sauti.cpp
Windows: cl /LD sauti.cpp

Anayetumia CMake (zana ya kupanga ujenzi wa programu) aandike add_library(sauti MODULE sauti.cpp), na PREFIX (mwanzo wa jina la faili) aiache tupu, la sivyo Linux atapata libsauti.so.

Memori iliyotengwa na moduli iachiliwe na moduli hiyohiyo. Windows, DLL (faili la moduli) na EXE (faili la programu kuu) huenda kila moja ina hipu (eneo la memori) yake, na free (fanksheni ya kuachilia memori) ya upande wa pili huangusha programu, tena si lazima papo hapo. Ndiyo maana kosa hili linachosha kulisaka.

Mpe dlopen njia kamili ya faili, kwani "sauti.so" bila mkwaju (/) haitafutwi katika folda uliyomo. Tumia RTLD_NOW ili jina linalokosekana lijulikane mapema, na chapisha dlerror (ujumbe wa kosa) hapohapo. Windows, kosa 193 kwa kawaida ni kuchanganya biti 32 na 64. Kosa 126 hudanganya wengi: DLL yako ipo, ila DLL nyingine ambayo yako inaihitaji haipo.