Kiungulia kwa Mwendesha Baiskeli: Saa ya Mlo na Mkao wa Tumbo

Ukimwambia mtu kwamba unaweza kuendesha baiskeli kutoka Arusha hadi Karatu kwa siku moja, na papo hapo ukamwambia kwamba unasumbuliwa na kiungulia, atakutazama kana kwamba mojawapo ya hayo mawili ni uongo. Kwa fikra za wengi, kiungulia ni maradhi ya wenye vitambi, ya wajawazito na ya wale wanaofunga siku kwa nyama choma na bia. Mimi sina kitambi, sinywi pombe, na mapigo ya moyo wangu nikiwa nimepumzika humfurahisha kila muuguzi anayeyahesabu. Hata hivyo kwa miaka kadhaa nimeishi na asidi inayopanda kifuani, hasa barabara inapoanza kuinuka. Nilichojifunza katika muda huo ni kwamba mwendesha baiskeli aliye imara hufaidika zaidi akirekebisha saa ya kula na mkao wake juu ya baiskeli kuliko akitembea na orodha ndefu ya vyakula vilivyopigwa marufuku.

Sababu yake iko katika maumbile. Mwishoni mwa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo ambao hufunguka ili chakula kipite kisha hujifunga, nao husaidiwa na kiwambo, yaani ule msuli mpana tunaoutumia kuvutia pumzi. Msuli huo ukilegea wakati usiofaa, au shinikizo la tumboni likiushinda nguvu, asidi hupanda. Mwendesha baiskeli anayejituma huyakusanya mazingira hayo yote kwa wakati mmoja: ameinama, tumbo limebanwa kati ya mbavu na mapaja, anahema kwa nguvu, anameza hewa pamoja na kila funda la maji, na damu nyingi imehamia miguuni kiasi kwamba tumbo halina tena haraka ya kusaga na kusukuma chakula mbele. Mazoezi mepesi hulisaidia tumbo kufanya kazi yake, lakini juhudi inapokuwa kali, chakula hukaa humo kwa muda mrefu zaidi. Wakimbiaji huteseka kuliko sisi kwa sababu ya kule kurukaruka, jambo ambalo ni faraja ndogo kwa mtu anayepanda mlima akiwa na moto kooni.

Hivyo jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba tumbo limekwisha kujishughulikia kabla ya kazi kubwa kuanza. Mlo kamili unahitaji saa mbili hadi tatu, na ukiwa na mafuta mengi unahitaji zaidi. Hapa ndipo desturi zetu zinapogongana na mchezo huu, kwa maana vikundi vingi huondoka saa kumi na mbili asubuhi ili kuwahi kabla ya malori na jua, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeamka saa tisa usiku ili ale. Suluhisho langu ni kuuhamishia mlo wenyewe jioni ya jana yake, mapema iwezekanavyo, na alfajiri kujitosheleza kwa kitu kidogo kinachopita upesi: bakuli la uji mwepesi usio na maziwa wala siagi ya karanga, au ndizi mbivu moja na kipande cha mkate mkavu. Chapati, maandazi, vitumbua na supu ya asubuhi vina nafasi yake baada ya safari. Mtori nao, pamoja na sifa zake zote za kurudisha nguvu, hupikwa kwa nyama na mafuta, nami nimeona mara nyingi jinsi unavyogeuka mzigo kwa mtu aliyeunywa kisha akapanda baiskeli kabla haujashuka.

Kahawa ni suala la mtu na tumbo lake. Wapo wanaokunywa vikombe viwili wakaondoka salama, na wapo ambao kikombe kimoja tu huwaharibia asubuhi nzima. Mimi naiweza nikiwa nimekula kitu kwanza, na nikiinywa kwa utulivu, si kwa kuigugumia huku nikijaza upepo magurudumu.

Njiani, kosa linaloonekana mara kwa mara ni kusahau kunywa kwa saa nzima, kisha kumaliza chupa nusu kwa mkupuo pale kiu inapozidi. Tumbo lililojazwa ghafla hutanuka, na kutanuka huko ndiko hasa kunakoulegeza ule msuli wa juu. Mafunda machache kila baada ya dakika kumi au kumi na tano hufanya kazi ileile bila kelele. Kiasi cha sukari nacho kina umuhimu wake, kwa kuwa maji mazito yenye sukari nyingi hukaa tumboni kuliko mepesi. Katika chupa ya nusu lita mimi huweka vijiko vitatu vya chakula vya sukari visivyofurika pamoja na chumvi kidogo, mchanganyiko unaokaribia asilimia saba, na ambao tumbo langu huupokea hata kwenye joto la Makuyuni. Zile jeli tamu za pakiti za kuongeza nguvu zinazotoka nje ya nchi zinafaa, lakini zinapaswa kufuatwa na maji ya kutosha, la sivyo zinakaa kama gundi. Ndizi mbivu, tende na vipande vya kiazi kitamu kilichochemshwa hunitosha kwa sehemu kubwa ya safari, tena kwa bei ambayo hainipi kiungulia cha aina nyingine.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kioski cha barabarani navishauri vikae hapohapo kioskini. Gesi yake hulijaza tumbo hewa, kafeini yake ni nyingi, vyenyewe ni vikali kwa asidi, na kwa kawaida huletwa mkononi na mwenzako mkarimu katika kituo cha mwisho kabla ya mlima, yaani wakati mbaya kuliko wote. Soda baridi husababisha karibu madhara yaleyale, ingawa najua kwamba kumkataza Mtanzania soda baada ya kilomita 80 za jua ni kujitafutia ugomvi. Ikibidi, ikorogwe hadi gesi itoke.

Sasa nije kwenye mkao, ambao naona haujadiliwi ipasavyo. Wengi wetu tunaendesha baiskeli za mbio za mtumba kutoka Ulaya, na tunazinunua kwa kuangalia fremu isiyo na ufa, gia zinazofanya kazi na bei tunayoimudu, bila kuuliza kama ukubwa wake unalingana na miili yetu. Matokeo yake ni mtu wa kimo cha wastani aliyejinyoosha juu ya fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu, mgongo umepinda kama upinde, na tumbo limekunjwa katikati. Zaidi ya hayo, picha za mashindano makubwa zimetufundisha kwamba usukani ulioshushwa chini kabisa ndio alama ya ustadi, ilhali wale tunaowaiga ni vijana walionyumbulika, wenye wataalamu wa kuwapima, na wanaolipwa kwa kuvumilia.

Kwa fundi yeyote mwelewa, marekebisho yenyewe ni ya nusu saa. Usukani huinuliwa kwa kuongeza pete chini ya kile kipande kinachoushikilia, au kwa kukigeuza kipande hicho kielekee juu. Kama umbali wa kufikia usukani ni mrefu, kipande kifupi zaidi hupatikana kwa wauza vipuri vya mtumba. Sentimita mbili au tatu hubadilisha mambo kuliko mtu anavyotarajia. Ni muhimu pia kujifunza kuinama kutokea kwenye nyonga huku mgongo ukibaki umenyooka, badala ya kuinama kutokea kiunoni, kwa sababu watu wawili wanaweza kuwa chini sawasawa huku mmoja tumbo lake likiwa huru na mwingine likiwa limefinywa. Nguo nazo zihesabiwe: kaptula yenye mpira mkali tumboni hufanya kazi ya mkanda uliokazwa, na kwa hiyo ile yenye kanda za mabegani ni bora kwa mwenye tatizo hili. Mfuko wa kiunoni uliojaa simu, funguo na pampu nao uhamie mgongoni au chini ya siti.

Ukishayatengeneza hayo, bado utabaki na mlima. Barabara inayotoka Mto wa Mbu kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hainyenyekei kwa mtu yeyote, na mtu aliyekula au kunywa sana kabla yake hukumbushwa mapema. Mimi huweka gia nyepesi mapema kuliko wenzangu, nashika sehemu ya juu ya usukani ili kifua na tumbo vifunguke, na napumua taratibu kwa kushusha pumzi hadi tumboni. Moto ukianza kupanda, napunguza kasi kwa dakika chache na kunywa funda moja au mawili ya maji matupu kuushusha. Kusukuma kwa nguvu zaidi ili "uishe haraka" huwa kunaurefusha. Mazoezi ya kasi ya kupokezana, yaani kwenda kasi sana kisha polepole kwa zamu, nayapanga saa ambazo tumbo ni tupu kabisa.

Kuhusu orodha za vyakula, ushauri wangu ni kuzisoma kwa kiasi. Pilipili, nyanya, machungwa, chokoleti, vitunguu na vyakula vya kukaanga huwasumbua wengi, lakini si kila mtu husumbuliwa na vyote, na mtu anayechoma nishati nyingi barabarani hawezi kuishi kwa kuogopa kila sahani. Andika kwa majuma machache ulichokula, saa uliyokula na jinsi ulivyojisikia, kisha uache vile tu vilivyojirudia. Maziwa, ambayo kila shangazi huyapendekeza, hutuliza kwa muda mfupi kisha huchochea asidi zaidi. Kutafuna chingamu baada ya mlo husaidia kweli, kwa sababu huongeza mate, nayo mate hupunguza makali ya asidi na kuirudisha chini. Ila isiwe ya mnanaa, kwani mnanaa huweza kuulegeza ule msuli.

Katika dawa kuna mkanganyiko unaopaswa kusemwa wazi. Kwetu, kila moto wa tumboni au kifuani huitwa vidonda vya tumbo, na mtu huweza kupewa dozi ya kuua bakteria wa vidonda hivyo bila kipimo cha choo wala cha pumzi, kama nilivyopewa mimi katika zahanati moja. Vidonda ni kitu kimoja na kupanda kwa asidi ni kingine, ingawa vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au kalsiamu hufaa kwa shida ya mara mojamoja. Omeprazoli huzuia asidi kutengenezwa, hivyo hunywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Ukiimeza katikati ya mlima hutapata nafuu yoyote kwa saa ile. Ni dawa ya kutumiwa kwa muda uliopangwa na daktari, kwa kawaida wiki nne hadi nane, na anayeiacha ghafla baada ya miezi mingi huweza kuona asidi ikirudi kwa kishindo kwa muda. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo baadhi ya wenzetu humeza kabla ya safari ndefu ili magoti yasiume, huumiza ukuta wa tumbo, na safari yenye upungufu wa maji huzifanya kuwa hatari kwa figo pia.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kusubiri. Maumivu ya kifua yanayokuja unapojituma na kupotea unapopumzika, au yanayosambaa kwenye mkono, shingo au taya, au yanayoambatana na jasho baridi na kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa ya moyo hadi daktari atakaposema vinginevyo, hata kama umri wako ni mdogo na miguu yako ni ya chuma. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu na chakula kukwama kooni ni mambo ya hospitali yenye kipimo cha kamera. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa kuwa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yanayoathiriwa sana na saratani ya umio. Na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinachangia saratani hiyo. Chai ipoe kidogo.

Kilichobaki ni usiku, ambao huamua mengi ya kesho yake. Baada ya safari ndefu njaa hukuvamia jioni, na katika nyumba nyingi chakula kikuu huwa tayari saa mbili au saa tatu usiku, wakati mwendesha baiskeli tayari anasinzia. Kula kwa wingi mara tu unaporudi, ungali mchana, kisha jioni ule kidogo, na uache takribani saa tatu kabla ya kulala. Lalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa tumbo limekaa upande huo na asidi hubaki chini ya mlango wa umio. Kwa wanaoamka na sauti iliyokauka au kikohozi ambacho wamekuwa wakikisingizia vumbi la barabara, kumbe huenda ni asidi iliyopanda usiku, miguu ya kitanda ya upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mwenzako wa kitandani atalalamika siku za kwanza kwamba anateleza, kisha atazoea. Kurundika mito chini ya kichwa hakutoshi, kwa sababu huinua shingo na kulikunja tumbo kama vile ule usukani ulioshushwa mno.