Kalsiamu na kizazi kushuka

Dada, umeuliza kama vidonge vya kalsiamu vitakaza kano za nyonga ili kizazi kisishuke baada ya kuzaa. Sivyo. Kano hizo zimejengwa hasa kwa kolajeni, yaani protini yenye nyuzi imara. Kalsiamu kazi yake kubwa ni mifupa. Tena vidonge vyenyewe huwafungisha choo baadhi ya watu, na kujikamua chooni kila siku kunaweza kusukuma kizazi chini. Dagaa na maziwa kula, ila kwa ajili ya mifupa. Kinachosaidia ni kubana misuli kama unayezuia mkojo, sekunde chache, uachie, urudie. Mzigo mzito kama ndoo ya lita 20 mwachie mwingine abebe. Ukihisi kama kuna kinyama kimeshuka ukeni, muone daktari wa wanawake. Ipo pete ya kuwekwa ukeni kushikilia kizazi, si lazima upasuaji.