Maswali na Majibu: Zebaki Haigeuki Dhahabu Kwenye Karai

Barua za safari hii nyingi zimetoka machimboni, na nyingi zinauliza jambo lile lile. Naanza nalo.

Mwalimu, shikamoo. Kuna mtu amefika hapa Nyarugusu, anasema ana dawa ya kugeuza zebaki kuwa dhahabu. Anataka milioni mbili tuanze. Ametuonyesha kwenye kitabu kwamba zebaki ni namba 80 na dhahabu ni 79, kwa hiyo ni kupunguza moja tu. Ni kweli? (Mchimbaji, Geita)

Marahaba. Namba ni za kweli, na ndiyo chambo alichowategea. Kiini cha atomu ya zebaki kina protoni 80, cha dhahabu 79. Ukiitoa moja, una dhahabu. Lakini dawa, asidi na moto huishia kwenye elektroni za nje. Kiini hakiguswi, hata ukivukuta makaa mwaka mzima.

Wako waliofanikiwa, na si kwa karai. Mwaka 1941 wanasayansi wa Harvard, Marekani, waliipiga zebaki kwa nyutroni (chembe za kiini zisizo na chaji) zenye kasi, wakapata dhahabu. Ilikuwa na mionzi, na ndani ya siku chache sehemu kubwa yake ilirudi kuwa zebaki. Iko pia njia ya kupata dhahabu ya kudumu: zebaki aina ya 196 (hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni zake) ikimeza nyutroni moja huwa 197, kisha hugeuka dhahabu. Ila aina hiyo ni atomu 15 tu katika kila atomu 10,000 za zebaki, na unahitaji kinu cha nyuklia. Kule CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, Uswisi, viini vya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) vinavyopishana ndani ya mashine kwa kasi kubwa hupoteza protoni tatu na kuwa dhahabu. Kwa miaka ya 2015 hadi 2018, jaribio lao moja lilihesabu dhahabu hiyo hivi: gawa gramu moja vipande trilioni moja, uchukue 29. Mashine hiyo imechimbiwa kwenye handaki la kilomita 27.

Basi huyo mgeni wenu anaonyeshaje dhahabu? Dhahabu huyeyukia ndani ya zebaki, ninyi mnalijua hilo kuliko mimi. Anakuja na zebaki ambayo tayari ameificha dhahabu kidogo ndani yake, anaichoma mbele yenu, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ni ile ile aliyoitia mwenyewe. Msimpe hata shilingi. Nendeni polisi leo, kwa sababu akitoka kwenu atakwenda mwalo mwingine na kitabu kile kile.

Kwani badiliko la kikemia na la nyuklia si kitu kimoja? (Kirumba)

Hapana. Nimelijibu mara tatu mwaka huu. Chuma kikishika kutu bado ni chuma, kimeshikana na oksijeni tu. Kwenye nyuklia idadi ya protoni inabadilika, na elementi yenyewe inakuwa nyingine.

Nani wa kwanza kugundua kwamba elementi moja hugeuka nyingine? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Wanasayansi Rutherford na Soddy, Montreal, Kanada, mwaka 1901, waliona thoriamu, metali yenye mionzi, ikigeuka kitu kingine yenyewe, bila kuguswa. Mwaka 1919, Rutherford akiwa Manchester, Uingereza, alitangaza kwamba viini vya heliamu vinavyoipiga nitrojeni hufukuza protoni. Baadaye ikathibitika kwamba kinachobaki ni oksijeni. Chukua kalamu, uhesabu protoni: nitrojeni 7, heliamu 2, jumla 9. Oksijeni 8, protoni 1, jumla 9. Inaniuma kuona kijana amekariri jedwali zima la elementi bila mtu kumfanyisha hesabu hii ya dakika moja.

Jua linaunguza nini? (Ukerewe)

Haliunguzi kitu. Linaunganisha viini vya hidrojeni kuwa heliamu, tani milioni 600 hivi kila sekunde.

Nyumba yetu iko mlimani Mabatini, katikati ya mawe. Nasikia yana mionzi. Tuhame? (Mama wa watoto wanne)

Mama, msihame kwa sababu ya mionzi. Mawe ya itale yana chembe za urani na thoriamu tangu yalipoumbwa. Urani 238 hupita hatua 14 mpaka iwe risasi, na nusu ya urani hiyo huchukua miaka bilioni 4.5 kugeuka. Katika hatua hizo kuna gesi ya radoni, hivyo fungueni madirisha. Ninachokihofia zaidi ni jiwe lililo juu ya paa lako na udongo unaochimbwa chini yake kila masika. Hilo mlitazame kabla mvua hazijaanza.

Mama anapigwa mionzi hospitali ya Bugando. Tunaogopa kulala naye. (Ilemela)

Laleni naye, mkumbatieni. Mionzi ya mashine hupita, haibaki mwilini. Kobalti 60 inayotumika kwenye mashine za aina hiyo hugeuka nikeli ndani ya mashine, na miale yake haimgeuzi mgonjwa kuwa chanzo cha mionzi. Tofauti ni anayenyweshwa iodini 131 kwa ajili ya tezi ya shingo. Huyo hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa muda atakaoambiwa na daktari, maana iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku nane.

Zebaki tukishaichoma inakwisha? (Sengerema)

Haikwishi. Ni elementi, na moto hauiangamizi elementi. Inakuwa mvuke, inaingia mapafuni mwako, iliyobaki inaangukia udongoni na ziwani. Vijidudu vya majini huigeuza sumu kali zaidi, kisha inapanda kutoka kwa dagaa hadi kwa sangara na sahani yako. Iodini ya hospitali hupungua kwa siku. Zebaki haina siku ya kupungua, atomu zake ni tulivu milele. Tumia retoti, kile chombo kilichofungwa chenye bomba: mvuke unapoa, zebaki inarudi kioevu, unaitumia tena. Usichomee jikoni. Nguo ulizochomea usizifue pamoja na za mtoto.