Kabla hawajaigwa, wao waliiga nini?

Mkuu mleta uzi, unasema umekariri solo kama ishirini za wapiga gitaa tofauti na unazipiga vizuri, ila ukipewa nafasi kwenye wimbo mpya unatoa viraka: kidogo cha huyu, kidogo cha yule. Unauliza umchague nani mmoja wa kumfuata. Kwa ninavyoona, idadi ya unaowasikiliza haina shida. Shida ni kwamba unaiga matokeo. Wapiga gitaa wengi ambao unawatambua ndani ya sekunde tano walikuwa wakiiga kitu ambacho hakikuwa gitaa kabisa, na gitaa likawalazimisha kutafuta njia ya kukitoa. Njia hiyo ndiyo leo tunaiita mtindo wao.

Mfano ulio wazi ni Charlie Christian, mpiga gitaa wa jazi aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939. Alichokuwa anapiga ni mistari ya saksafoni: inaanzia katikati ya baa, inavuka mpaka wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), halafu inanyamaza ili mtu avute pumzi. Gitaa halihitaji pumzi, ndiyo maana solo za wengi hazina mkato wala nukta. Zoezi lake: weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 80 kwa dakika, vuta pumzi, piga huku ukiitoa polepole mdomoni. Pumzi ikiisha, mkono wa kulia unasimama, hata kama kidole cha kushoto kimeshafika kwenye noti inayofuata. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Wes Montgomery, mpiga jazi aliyemfuata, alizikariri solo za Christian noti kwa noti, kama unavyofanya wewe, lakini alizipiga kwa dole gumba badala ya piki (kile kibao kidogo cha kupigia nyaya), kisha akaanza kuzipanga kwa oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja. Noti zilitoka kwa mwingine, mkono ukawa wake.

B.B. King, mpiga bluzi, aliupenda mlio wa slaidi (bomba la kuteleza juu ya nyaya) wa binamu yake Bukka White. Slaidi ikamkataa, akautafuta ule mtetemo kwa kidole kitupu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini vibrato yake inatoka kwenye kifundo cha mkono, kidole cha shahada kikiwa kwenye waya na dole gumba limeachia shingo. Wengi wanaitikisa kwa ncha ya kidole tu, kwa hiyo inatoka ya haraka na nyembamba, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Kwenye kupinda waya kosa ni lingine: noti haifiki. Jipime hivi. Waya wa pili (wa kwanza ndio mwembamba kuliko wote), freti ya 10, yaani nafasi ya 10 kwenye shingo, piga usikie A. Rudi freti ya 8, ambayo ni G, uipinde mpaka ilingane na ile A. Ukitumia kidole cha pete peke yake utaishia njiani. Weka cha kati kwenye freti ya 7 na cha shahada kwenye freti ya 6, waya uleule, vyote vitatu visukume pamoja, na nguvu itokane na kifundo kinavyozunguka kama unafungua kitasa. Kama waya wako wa kwanza ni wa unene wa 12, badili uweke mwembamba zaidi, wa 10, kabla hujajilaumu.

Ushawishi unaonipendeza kuliko wote ni ule wa Curtis Mayfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa soul. Alijifundisha gitaa akalityuni kufuata vibonye vyeusi vya piano: kutoka waya mnene kwenda mwembamba, F# A# C# F# A# F#. Ndiyo sababu ridhimu yake inajibana kwenye kodi ndogo zenye vipambo, wala haina ile mikwaruzo ya nyaya sita kwa pamoja. Usiityuni hivyo moja kwa moja, kwa sababu waya wa 1 na wa 6 unapanda toni nzima, na ule mwembamba unaweza kukatika usoni mwako. Shusha yote toni moja, yaani E G# B E G# E, halafu funga kapo (kibanio cha nyaya zote) freti ya 2. Nyaya mbili za pembeni zinabaki kama zilivyo, nyingine zote zinalegea, na kwa kapo unapata noti zilezile.

Jimi Hendrix alichukua vipambo hivyo akavipiga kwenye tyuni ya kawaida. Jaribu kodi ya G: gumba lipite juu ya shingo likamate waya wa 6 freti ya 3, pete waya wa 4 freti ya 5, cha kati waya wa 3 freti ya 4, shahada waya wa 2 freti ya 3. Kidole kidogo kiko huru, kigonge waya wa 2 freti ya 5 kisha kiachie. Waya wa 5 uzimwe na ncha ya gumba. Ukikamata kodi hiyo kwa baree ya kawaida (kidole kimoja kulala juu ya nyaya zote), shahada inalala kwenye nyaya zote na kidole kidogo kinakosa nafasi ya kucheza. Kwa maneno mengine, ukikosea umbo la mkono, kipambo hakitakuja hata ukikariri mwaka mzima.

Rumba ya Kongo nayo ina mama zaidi ya mmoja. Santuri za Kuba za mfululizo uliopewa alama ya GV ziliingia Afrika kuanzia miaka ya 1930, na wapigaji wakachukua ule mzunguko unaojirudia wa piano na tres (gitaa la Kuba) wakauweka kwenye gitaa. Ukitaka kuuonja, piga nyaya za 3 na 1 kwa pamoja, katika C: freti 9 na 8, kisha 10 na 10, kisha 12 na 12, halafu rudi. Hizo ni sita sambamba, yaani jozi za noti zilizoachana kwa hatua sita zikitembea pamoja, na Franco, mpiga gitaa wa Kongo, aliishi humo. Waya wa 2 lazima ufe. Uguse kwa tumbo la kidole kilichoko waya wa 3. Usipouzima, kodi inachafuka na unaanza kudhani gitaa lako bovu.

Ile mi-composé, tyuni ya gitaa inayohusishwa na Franco, ni dawa ya tatizo halisi: kusikika kati ya solo na ridhimu bila kugombana na yeyote. Toa waya wa 4, weka waya mwingine wa kwanza hapo, utyuni D ya oktava ya juu, yaani toni moja chini ya E ya waya wa kwanza. Ule mfereji wa waya wa 4 kule juu ya shingo ni mpana kwake, kwa hiyo waya utahamahama na kulia vibaya. Utulize kwa kipande kidogo cha karatasi chini yake. Baada ya hapo hata arpejio ya kawaida (noti za kodi zikipigwa moja moja) inamwagika kama likembe, ile piano ya vidole ya Kongo.

Benga ya Kenya ilizaliwa na nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyaya nane na chuma kwenye dole gumba la mguu kinachogonga mbao. Ukimwiga D.O. Misiani, mpiga benga, bila kusikia ule mguu, noti zitakuwa sahihi na hakuna atakayecheza. Gonga mguu kwanza, baa nane bila gitaa. Kwa Jonah Sithole, aliyepiga na Thomas Mapfumo wa Zimbabwe, sikiliza mbira, ile piano ya vidole: kiganja kinakaa palepale kwenye daraja, ukikisogeza sentimita moja mbele noti inakufa badala ya kukauka. Ali Farka Touré wa Mali alitoka kwenye gurkel, gitaa la jadi la waya mmoja, na hilo linakueleza kwa nini anaweza kukaa juu ya noti moja muda mrefu bila kuona haya.

Chet Atkins, mpiga gitaa wa country, ni tofauti kidogo, chanzo chake kilikuwa gitaa. Alimsikia Merle Travis redioni, hakumwona. Travis alitumia gumba na shahada tu. Chet akadhani vidole ni vingi zaidi, akajenga mkono wa gumba na vidole viwili au vitatu. Kwa hiyo usikimbilie video siku ya kwanza. Acha sikio likosee kwanza.

Sasa kazi yako. Chukua mmoja tu kati ya wale ishirini, tafuta chombo au sauti aliyokuwa anaifuata, usikilize chenyewe siku tatu bila kushika gitaa. Chagua baa nne. Ziimbe mpaka utoke salama bila rekodi. Usipoweza kuziimba, bado hujazisikia. Punguza kasi hadi asilimia 60, utafute noti zote kwenye waya mmoja. Inachosha, lakini waya mmoja unakuonyesha umbali kati ya noti na unakunyima mazoea ya vidole. Baadaye ndipo uzipange kwenye nyaya kadhaa, ukichagua mahali panaporuhusu kuteleza na kupinda kama chanzo kinavyotaka. Hamisha kwenye ki (ufunguo wa wimbo) mbili nyingine. Mwisho shika ridhimu ileile, ubadilishe noti zote kufuata kodi za wimbo wako.

Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanashika noti na kubadili ridhimu, kumbe kinachotambulisha mtu ni mahali anapoanzia na anaponyamaza. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Ukisikia kiraka kilekile kimerudi, angalia mkono wa kushoto, mara nyingi utakuta umekaa freti zilezile ulizozitumia kukariri solo. Rudi waya mmoja, anza tena kutoka kwenye kuimba.