Jibu: Chipu ya ARM ilitokaje nje ya Acorn?
Mkuu umeuliza kama ARM (prosesa, yaani ubongo wa kompyuta) ilikuwa ya kompyuta za Acorn tu, ile kampuni ya Uingereza, hapana aisee. Sophie Wilson na Steve Furber waliidizaini pale Cambridge, ikawaka mara ya kwanza 1985, ila Acorn hawakuwa na kiwanda cha chipu kwa hiyo kutengeneza wakapewa VLSI Technology wa Marekani, na hapo ndo mlango ulifunguka maana VLSI nao waliruhusiwa kuwauzia wengine. Baadae Apple wakaitaka kwa ajili ya Newton, kikompyuta chao cha mkononi, lakini kumtegemea mshindani kama Acorn hawakutaka, ndo 1990 hao watatu (Acorn, Apple na VLSI) wakaanzisha kampuni ya pembeni, ikawa inauza leseni ya dizaini badala ya chipu. Kwangu mimi huo uamuzi wa leseni ni mkubwa kuliko hata chipu yenyewe.