Maswali ya wasomaji: intaneti vijijini

Intaneti yetu inakatika na kurudi yenyewe

Assalamu alaykum. Skuli yetu ipo kisiwani Fundo. Intaneti inatujia kwa dishi kutoka Wete, kama kilomita 7, bahari tupu katikati. Leo ilikatika saa nne asubuhi ikarudi yenyewe, kesho itakatika karibu saa tano, na usiku vilevile. Kisha zinapita siku nne, tano, hakuna tatizo. Fundi ameshabadilisha waya, rauta na dishi moja. Dishi la Wete liko mita 22 juu ya maji yakijaa, letu mita 12. Tufanye nini?
*Mwalimu, Fundo*

Waalaykum salaam, mwalimu. Msinunue kifaa kingine kabla ya kutazama maji. Tatizo linalochelewa kama dakika 50 kila siku, likazidi wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) na kupotea maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) yakiingia, linafuata bahari. Kifaa kibovu hakijui mwezi umeandama lini.

Dishi lenu linapokea mawimbi ya redio kwa njia mbili: moja imenyooka kutoka Wete, nyingine imegonga uso wa maji ikaruka. Mawimbi ya kawaida ya baharini hayavunji mruko huo, kwa sababu miale inagusa maji kwa pembe ndogo sana na bahari inakuwa kama kioo. Iliyoruka imesafiri mbali zaidi kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachoamua. Kwenye masafa ya GHz 5.5, wimbi moja lina urefu wa sentimita 5.5. Maji yakishuka mita 3.5, kwa urefu wa madishi yenu, tofauti ya safari inaongezeka karibu sentimita 4, yaani zaidi ya nusu wimbi. Hiyo inatosha kuzitoa njia hizi mbili katika kusaidiana na kuzifanya ziuane. Kwa hesabu yenu zinauana maji yakipwa kabisa, na maji ya bamvua kwetu hupwa saa nne, saa tano. Maji mafu hayashuki kiasi hicho, ndiyo maana mnapumzika.

Hakikisheni kwanza. Fungueni ukurasa wa mipangilio wa dishi, andikeni nguvu ya ishara kila baada ya dakika 15 kwa siku 15, pembeni mkiandika hali ya maji; wavuvi wenu wanaijua bila jedwali. Kwa madishi yenye uwezo wa kukusanya ishara wa desibeli 25 pande zote mbili, tarajieni hasi 50 hadi hasi 60 (dBm, kipimo cha nguvu ya ishara; hasi ikizidi, ishara ni dhaifu zaidi). Ikiteremka taratibu hadi hasi 80, ikapanda tena maji yanapojaa, mmeshapata jibu. Ikianguka ghafla kama taa iliyozimwa, tafuteni kwenye umeme au waya.

Kubadilisha chaneli kunahamisha tu kina cha maji ambapo njia inakufa. Kuinua dishi litazame juu kidogo nako hakusaidii, kwani miale miwili inaingia ikiwa imeachana kwa chini ya nusu digrii na dishi haliwezi kuitenga. Dawa ni jozi ya pili ya madishi, moja kila upande, kwenye chaneli yake. La Fundo lifungwe mita 4 hivi chini ya la sasa, kwenye mlingoti uleule, bila mnazi wala mkoko mbele yake. La juu likizama maji yakipwa, la chini linasikia vizuri. Maji yakijaa sana, la chini ndilo linalozama na la juu linashika kazi. Rauta ipangwe kupima njia zote mbili kila sekunde 10 na kuhama yenyewe. Gharama ipo, lakini mmeshaimaliza karibu yote kwa vifaa visivyokuwa na kosa.

Plagi za waya wa dishi zinaoza

Kila baada ya masika plagi ya juu inakuwa kijani. Tunakata, tunabana mpya, haidumu.
*Msomaji, Micheweni*

Chumvi na umeme unaopanda kwenye waya huohuo vinakula pini. Za 4 na 5, ambazo kwa dishi nyingi hubeba chanya, huliwa kwanza. Maji yakishaingia ndani ya ganda husafiri na nyuzi, kwa hiyo kukata kipande kifupi hakusaidii: badilisheni waya wote. Mchukue wa nje wenye ganda jeusi, usiozidi mita 100. Dukani kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, ni aluminiamu iliyopakwa, irudishe. Chini ya dishi acheni waya uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia, ili tone lidondoke hapo.

Tugawane laini moja ya intaneti nyumba 12?

Mkitaka kuuza huduma, leseni inatoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Zanzibar pia. Kugawana laini moja kunahitaji ridhaa ya anayewauzia, iandikwe. Kwa laini yenye kasi ya Mbps 20, video ya ubora wa kati hula Mbps 1.5 hivi, basi simu 13 zikitazama pamoja laini imejaa. Wekeni kikomo kwa kila nyumba kwenye rauta tangu siku ya kwanza. Kuja kukiweka baada ya watu kuzoea ni ugomvi.